Msongo wa mawazo na mitihani: shule haijui usichoiambia

 

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, barua ninazoletewa na wazazi hufanana. Matokeo ya mitihani ya majaribio yametoka, mtoto yuko mwaka wa 11, na karatasi iliyofika nyumbani haieleweki. Msichana aliyekuwa akipata 7 na 8 sasa ana 4 na 5. Mvulana aliyesifiwa kwa hisabati ameandikiwa kwamba hakumaliza maswali. Mzazi anauliza: mwanangu kapatwa na nini? Wengi hujijibu kabla sijasema kitu. Ni simu. Ni marafiki. Ni uvivu wa watoto wa Ulaya.

Simu ina sehemu yake, sikatai. Lakini nimekaa Thornton Heath miaka ya kutosha, nimewasaidia watoto wetu kazi za shule Jumamosi nyingi, na ninaloliona mara nyingi zaidi ni jingine. Mtoto anakaa na kitabu jioni nzima na hakumbuki alichosoma. Tumbo linamuuma kila Jumapili usiku. Anamfokea mdogo wake kwa sababu ya kijiko. Usiku halali, asubuhi haamki. Huyo si mvivu. Huyo ana msongo wa mawazo, na msongo huo unamla alama.

Wazee wetu walijua kuwa woga kidogo ni mzuri. Asiyeogopa mtihani hafungui daftari. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kati ya visanduku viwili, na aliyekosea alipigwa shoti ya umeme. Kazi ilipokuwa ngumu, shoti ya wastani ndiyo iliyowafundisha haraka. Shoti kali iliwavuruga. Binadamu si panya, na wataalamu wamebishana sana kuhusu jaribio lile, lakini kila mwalimu ameliona jambo lenyewe darasani: asiyejali hafanyi vizuri, na aliyejawa hofu naye hafanyi vizuri.

Mwili ukihisi hatari hutoa adrenalini, kisha kortisoli. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linavurugika. Ni maandalizi mazuri ya kumkimbia nyoka, si ya kuandika insha juu ya Macbeth. Akili ina sehemu ndogo inayoshika mambo ya papo hapo: namba unazojumlisha, sentensi uliyoianza, swali ulilolisoma sasa hivi. Ni kama meza ndogo ya jikoni. Ukiweka juu yake kikapu kizima cha wasiwasi, pa kukatia vitunguu hapapo tena. Vitunguu unavyo, kisu unacho, mapishi unayajua. Nafasi ndiyo hakuna. Ndiyo maana mtoto anatoka kwenye chumba cha mtihani, anafika kituo cha basi, na jibu lote linamjia.

Hiyo ni hofu ya siku moja. Msongo wa miezi ni mbaya zaidi kwa sababu unakula usingizi. Kijana wa umri huu anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na ni usingizini ubongo unapopanga na kuhifadhi yaliyosomwa mchana. Anayelala saa 5 anajaza ndoo iliyotoboka, hata akisoma hadi alfajiri.

Wala msidhani ni watoto wetu peke yao. Shirika la OECD lilipowauliza wanafunzi wa miaka 15 katika utafiti wa PISA wa mwaka 2015, kwa wastani 55 katika kila 100 walisema hushikwa na wasiwasi mkubwa kabla ya mtihani hata wakiwa wamejiandaa vizuri. Kilichonivutia zaidi katika ripoti ile ni kwamba wasiwasi huo haukufuata wingi wa mitihani. Ulifuata zaidi jinsi mtoto anavyohisi kuungwa mkono na walimu na watu wa nyumbani. Maana yake ni kwamba nasi nyumbani tuna la kufanya.

Hofu tuliyosafiri nayo

Tuliosoma Afrika Mashariki tuna kumbukumbu ya mtihani kama radi. Inapiga mara moja, na aliyepigwa kapigwa. Watanzania hawajasahau matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa mwanzoni mwa 2013: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri, serikali ikaunda tume, na matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Wakenya wana KCPE, iliyofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ambayo kwa miaka mingi ilimpangia mtoto wa darasa la nane njia ya maisha. Tulipomaliza shule, mlango uliofungwa ulikuwa umefungwa kweli.

Kwa hiyo tunapomwambia mtoto "ukifeli umekwisha", tunasema kweli ya Tanga au ya Kisumu ya miaka ile. Hapa mambo ni tofauti kidogo. GCSE ni karatasi nyingi, kuanzia Mei hadi Juni, wiki baada ya wiki, na alama zinatoka Alhamisi moja ya Agosti, kuanzia 9 hadi 1. Asiyefikisha 4 kwenye Kiingereza au hisabati anaendelea kusoma somo hilo chuoni na kurudia mtihani. Kuna kozi za ufundi, kuna uanagenzi wa kulipwa. Simaanishi kwamba alama si kitu. Anayetaka A-level za sayansi ataombwa 6 au 7, na shule nzuri haziombi radhi kwa hilo. Ninachosema ni kwamba mtoto anayeamini maisha yake yanaisha Juni atafanya mtihani kama mtu anayening'inia dirishani.

Tena kuna hili la kulinganishana. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe, Januari 2023, liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora wa kidato cha nne. Sisi kwenye makundi ya WhatsApp tunaendelea. Agosti haijapoa, picha ya alama za mtoto wa fulani imeshazunguka Croydon, Reading na Leicester hadi Muscat, na wako anaiona kabla yako.

Mzigo usioonekana shuleni

Haya yote, hata hivyo, ni msongo wa mtihani wenyewe, na huo walimu wanaujua. Uliopo kwenye nyumba zetu mara nyingi ni mwingine, na walimu hawaujui kabisa.

Nichukue familia moja ya hapa. Nimebadili mambo kadhaa wasitambulike. Mama ni mtu wa Tanga, anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Ana watoto watatu, mkubwa msichana wa miaka 16. Baada ya mitihani ya majaribio ya Desemba alinipigia: "Dada yangu, huyu mtoto amenishinda. Zungumza naye wewe, labda atakusikia."

Binti alikuja, akaamkia, "Shikamoo mama," akakaa ukingoni mwa kiti. Nilimwuliza habari za siku yake, si habari za masomo. Anaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa sababu mama hajarudi kazini. Anawaamsha wadogo, anapika uji, anampeleka wa mwisho shule ya msingi, kisha anapanda basi. Anachelewa mara tatu kwa wiki. Akichelewa anabakizwa baada ya masomo. Akibakizwa anachelewa kumchukua mdogo wake. Jioni anasoma barua: za nyumba, za umeme, za shule za wote watatu, kwa kuwa Kiingereza cha mama ni cha kazini, cha kuwasalimia wazee na kuandika walichokula. Na usiku simu yake inapokea ujumbe wa sauti kutoka Tanga kuhusu bibi aliyepata kiharusi, kwa sababu mama yuko zamu na simu yake kaifungia kabatini.

"Kwenye hisabati nilikuwa naiona namba," aliniambia, "lakini nasikia sauti ya mama mdogo analia."

Halafu akatoa barua. Ilikuwa ya kodi ya nyumba, ya mwezi wa Oktoba, kuhusu deni. Alikuwa ameiweka ndani ya daftari la baiolojia miezi miwili na nusu ili mama asihangaike. Alidhani watatolewa nje. Kila alipofungua daftari kusoma juu ya seli, ilikuwa pale.

Hakuna aliyemwonea msichana huyu. Mama anafanya kazi ili wale. Mtoto wa kwanza kusaidia nyumbani ni malezi, na siungi mkono wale wanaoona kila sufuria aliyoosha mtoto ni mateso. Lakini kuosha sufuria ni kitu kimoja, na kuwa katibu wa nyumba, mlezi, mkalimani na mpokeaji wa habari mbaya ni kitu kingine. Deni lenyewe, lilipofika mikononi mwa watu wazima, lililipika kwa awamu. Kilichomchosha mtoto ni kulijua peke yake.

Ukalimani peke yake unastahili aya yake. Wengi wetu tumeona hili hospitali ya Croydon, ile ambayo watu wa hapa bado wanaiita Mayday ingawa jina lilibadilika mwaka 2010: mama anaongea na daktari, katikati amekaa mtoto wa miaka 13 anatafuta neno la Kiswahili la uvimbe. Mkalimani wa NHS ni bure kwa mgonjwa. Mwongozo wa NHS ya Uingereza unasema mtoto chini ya miaka 16 asitumiwe kutafsiri, isipokuwa dharura inayohitaji tiba ya papo hapo. Unapoomba miadi sema tu lugha yako ni Kiswahili na unahitaji mkalimani. Wakikuambia uje na mtoto, omba tena.

Mambo ya ndani

Nilimwuliza yule mama kama amemwambia mwalimu yeyote. Akashtuka. "Mambo yangu ya ndani niwape Wazungu?"

Hapa ndipo penye shida yetu, na naielewa. Tumelelewa kwamba nyumba ina pazia. Na zaidi ya aibu kuna hofu: ukisema umechoka, ukisema mtoto anabaki na wadogo zake usiku, watu wa ustawi wa jamii watakuja kumchukua. Tusidanganyane, walimu wana wajibu wa kisheria wa kutoa taarifa wakiona mtoto yuko hatarini, na kuwaacha watoto peke yao usiku kucha ni jambo watakaloliuliza. Yule mama ilibidi aombe zamu za mchana siku tatu, na shoga yake alale pale siku mbili. Hilo lilikuwa gumu kuliko barua. Lakini kumwambia mwalimu kwamba bibi anaumwa, kwamba mnasubiri makaratasi, kwamba mnahamishwa nyumba, kwamba mtoto anawasaidia wadogo asubuhi, huko si kujishtaki. Kwa sheria ya mwaka 2014 ya watoto na familia, mtoto anayemhudumia mtu wa nyumbani mgonjwa au mlemavu ana haki ya kutathminiwa na halmashauri ili asaidiwe. Shule nyingi zina orodha ya watoto wa namna hiyo. Wa kwetu hawamo kwa sababu hatukusema.

Na shule ikijua, inaweza mambo ambayo mzazi hawezi.

La kwanza ni dogo na ndilo lililosaidia kuliko yote katika kisa chetu: waliacha kumbakiza kwa kuchelewa. Mkuu wa mwaka alisema laiti wangejua Septemba. Mwalimu mmoja akawa anamwona kila Jumatatu kwa dakika kumi.

La pili ni mipangilio ya chumba cha mtihani. Mtoto anayeshikwa na hofu kali anaweza kukaa chumba kidogo badala ya ukumbi wa watu mia mbili, au kuruhusiwa mapumziko mafupi yanayosimamiwa, saa ikasimamishwa. Wengine hupewa muda wa ziada wa asilimia 25, ila huo una masharti na ushahidi. Haya hupangwa mapema, na mtoto anatakiwa awe ameshazoea kufanya kazi hivyo darasani. Huwezi kuyaomba asubuhi ya karatasi ya kemia.

La tatu wazazi wengi hawajalisikia kabisa. Mtoto aliyejiandaa vizuri, kisha akapatwa na jambo zito wakati wa mitihani, anaweza kufikiriwa kwa namna ya pekee na bodi ya mitihani: akaongezewa alama kidogo, zisizozidi asilimia 5 ya alama za karatasi. Anayeomba ni shule, si mzazi, na baada ya mitihani kuna muda maalumu wa kuomba. Msiba wa mtu wa karibu umo. Msiba wa ndugu wa mbali unahesabiwa kidogo zaidi. Sasa tazameni hapo. Mama mkubwa aliyemlea mtoto hadi ana miaka tisa, akitafsiriwa Kiingereza anageuka ndugu wa pembeni. Shule ikisikia hivyo itaandika hivyo. Lazima uwaeleze: huyu ndiye aliyemlea, kwetu huyu ni mama.

Wengine huficha msiba. Simu inapigwa kutoka Mombasa au Bukavu tarehe 20 Mei, na wakubwa wanakubaliana mtoto asiambiwe hadi Juni. Sina hukumu moja juu ya hili. Nimeona mtoto aliyeshukuru, na nimeona mwingine ambaye hajawasamehe. Ila mkiamua kunyamaza, hakikisheni hatalikuta kwenye Facebook ya binamu yake, na mwambieni ofisa wa mitihani wa shule siku hiyohiyo, ili ijulikane nyumba iko katika hali gani.

Jengo la Lunar House

Kuna msongo mmoja unaotuhusu watu wa huku kusini mwa London kuliko wengi. Lunar House, jengo refu la Wizara ya Mambo ya Ndani, liko Croydon kwenye barabara ya Wellesley, na basi la kwenda madukani linapita karibu. Kwa mtoto ambaye familia yake inasubiri kibali, lile si jengo la kawaida. Kila bahasha ya kahawia mlangoni inaweza kuwa yenyewe. Nimemsikia kijana wa mwaka wa 12 akisema, "Nisome kwa ajili ya chuo gani, na mkopo sitapata?"

Kwa huyo nina habari. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Beaurish Tigere, msichana aliyezaliwa Zambia na kuletwa hapa mwaka 2001. Alisoma hapa, akawa kiongozi wa wanafunzi wa shule yake, akafaulu A-level, halafu akanyimwa mkopo wa chuo kikuu kwa sababu kibali chake kilikuwa cha muda. Mahakama ilisema kuwafungia mlango watu wote wa hali yake kwa mkupuo hakukubaliki. Tangu kanuni zibadilishwe, aliye chini ya miaka 18 anaweza kuomba mkopo akiwa ameishi Uingereza miaka 7. Aliyefika 18 anatakiwa awe ameishi hapa nusu ya umri wake au miaka 20. Na wote wawe na miaka 3 ya ukaazi halali kabla ya kozi kuanza. Kanuni hizi zina vipengele vingine, kwa hiyo nendeni kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, na mtoto akiwa mwaka wa 10 au wa 11, si wiki ya kuomba chuo. Mmeona wenyewe ni miaka mingapi inahesabiwa. Na mwambieni mtoto ukweli wa makaratasi kwa kiasi cha umri wake. Asichoambiwa hukisikia kupitia ukuta, nusu nusu, na nusu anayoisikia ndiyo ya kutisha.

Vijana wa kiume

Wasichana angalau hulia. Wavulana wetu huambiwa mwanamume halii, na msongo wao hutoka kwa mlango mwingine: ugomvi, utoro, kukaa nje hadi usiku, au ukimya wa kufungiwa chumbani. Shuleni huitwa nidhamu mbaya, nyumbani huitwa jeuri, na hakuna anayeuliza.

Kwa wavulana wa Thornton Heath huwa namtaja Stormzy, mtoto wa mama Mghana aliyekulia mitaa hiihii. Mwaka 2017, akiwa tayari ni msanii mkubwa, alisema hadharani kwamba alipitia sonona. Mwaka uliofuata akaanzisha ufadhili wa kuwasomesha wanafunzi weusi Cambridge. Siwaambii wawe wanamuziki. Nawaambia kwamba mtu wanayemheshimu, mwenye kimo kile, alisema neno ambalo baba zao hawajalisema.

Mahali pa kwenda

Kwa Croydon, shirika la hisani la Off The Record hutoa unasihi wa bure kwa vijana. Huduma ya NHS ya afya ya akili ya watoto hapa iko chini ya South London and Maudsley, na foleni ni ndefu, kwa hiyo mwone daktari wa familia mapema. Halmashauri yenyewe ilitangaza mwaka 2020 na tena 2022 kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake, basi msitegemee kwamba kila huduma mliyoisikia zamani bado ipo. Pigeni simu kwanza. Mtoto anaweza kupiga Childline, 0800 1111, bila malipo, na namba haitokei kwenye bili. Akisema hataki kuishi, au ukiona anajiumiza, usingoje miadi: NHS 111, chagua namba 2, saa yoyote ya usiku au mchana. Maisha yakiwa hatarini, 999.

Kwa siku ya mtihani, kuna jambo dogo linalofanyika nyumbani. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha kwenye jarida la Science matokeo ya kuwaacha wanafunzi waandike kwa dakika kama 10, kabla tu ya mtihani, yote yanayowatia hofu. Wale wenye wasiwasi mwingi ndio walionufaika. Karatasi hasomi mtu. Ni kukitoa kile kikapu mezani. Yule binti alikuwa akiandika kwa Kiswahili, kwenye ngazi za shule, halafu anachana. Agosti alipata 6 ya hisabati na 7 ya baiolojia. Historia ilibaki 4. Alisema swali la Elizabeth hakulipenda hata siku ya kwanza. Sasa yuko chuoni, na bibi yuko hai, anaongea kwa shida.

Wazazi wengi waniambiao "sijui niwaandikie nini shuleni" hukwama kwenye Kiingereza. Shule inaweza kutafuta wa kuwatafsiria, na simu yenu inaweza pia. Andikeni kwa Kiswahili chenu, kwa mwalimu wa darasa au mkuu wa mwaka, kiasi hiki kinatosha:

"Mimi ni mzazi wa fulani, mwaka wa 11. Nyumbani tuna jambo linalomsumbua: (taja moja au mawili). Limeanza mwezi fulani. Analala vibaya na alama zake zimeshuka. Naomba tukutane kabla ya likizo ya Pasaka, na naomba mkalimani wa Kiswahili ambaye si mtoto wangu."

Itumeni wiki hii. Mwezi ujao nitajibu barua za kina baba, ambao safari hii mmeandika wengi, kuhusu watoto wanaokataa kuzungumza Kiswahili nyumbani.